Kwa Nini Ziwa Victoria Halina Matumbawe?

Mtu anayesimama ufukoni mwa Musoma huyaona majabali ya graniti yakichomoza majini, mengine madogo kama kinu, mengine makubwa kuliko nyumba. Siku ya shwari, maji yanapotulia, macho yaweza kufuata namna majabali hayo yanavyoendelea chini ya maji, yakipandana na kuacha mapango na nyufa za kila umbo. Katika nyufa hizo huishi samaki wadogo ambao wavuvi wa ziwa huwaita furu. Madume yao hung'aa kwa rangi nyekundu, buluu na manjano. Mvuvi aliyezaliwa Mafia au Unguja, akiletwa hapo kwa mara ya kwanza, hatakosa kulinganisha. Mawe, mapango, samaki wa rangi wanaoingia na kutoka: mambo haya yote anayajua kwao.

Lakini ulinganifu huo unaishia kwenye jiwe lenyewe. Jiwe la Musoma ni jiwe tangu mwanzo. Lilipoa kutoka katika uji wa moto ndani ya ardhi zaidi ya miaka milioni 2,000 iliyopita, wakati ambapo duniani hapakuwa bado na mnyama hata mmoja. Jiwe la mwamba wa Mafia lilijengwa na mnyama, na tabaka lake la juu lingali linajengwa hivi leo. Hilo ndilo tumbawe. Basi ni haki kuuliza: ikiwa maji ya ziwa yana joto la kutosha, yana samaki na yana mahali pagumu pa kushikilia, kwa nini tumbawe halimo? Jibu haliwezi kupatikana kabla ya kumfahamu vema mjenzi mwenyewe, na katika kumfahamu, historia ya sayansi inaturudisha, pengine bila kutazamiwa, kwenye maji baridi.

Mnyama aliyedhaniwa kuwa ua

Kwa karne nyingi wataalamu wa Ulaya waliamini kwamba tumbawe ni mmea wa baharini unaogeuka kuwa jiwe. Lina matawi kama mti, na likiwekwa katika chombo chenye maji ya bahari hutoa vitu vyeupe vinavyochanua mithili ya maua. Katika miaka ya 1720, daktari mmoja wa Marseille, Jean-André Peyssonnel, aliyachunguza matumbawe ya pwani ya Ufaransa na ya Afrika ya Kaskazini akatoa hoja kwamba maua hayo si maua hata kidogo, bali ni wanyama, na kwamba jiwe ni nyumba yao waliyoijenga wenyewe. Alipoipeleka hoja hiyo Paris, mwanasayansi mashuhuri Réaumur aliisoma mbele ya wenzake bila kulitaja jina la mwenye hoja, ili kumstahi asichekwe. Hoja ikawekwa kando.

Kilichoibadilisha hali hiyo ni kiumbe cha dimbwini. Mwaka 1740, Abraham Trembley, mzaliwa wa Geneva aliyekuwa akifundisha watoto wa tajiri mmoja huko Uholanzi, aliona katika maji ya mtaro kijinyama cha kijani kisichozidi urefu wa punje ya mchele, kimejishikiza kwenye jani. Alikikata vipande viwili ili apate kujua kama ni mmea au mnyama, akastaajabu kuona kila kipande kimekua na kuwa kizima. Kisha akakiona kikikamata viroboto maji kwa minyiri yake na kuwameza, na hata kikitembea kwa kupinduka kichwa chini miguu juu. Mmea hauli kwa mdomo, wala hautembei. Trembley alichapisha uchunguzi wake mwaka 1744, naye Réaumur, ambaye ndiye aliyekipa kijinyama hicho jina la polipu, alikiri kwamba Peyssonnel alikuwa amesema kweli. Si jambo la kila siku kwa mkubwa wa elimu kukiri hivyo.

Kijinyama cha Trembley huitwa haidra. Jamii yake imeenea karibu dunia nzima, na imo pia katika maji baridi ya Afrika Mashariki. Mwalimu wa sekondari wa Butiama au Bunda anayetaka kuwaonyesha wanafunzi umbo la tumbawe hai hana haja ya kuwasafirisha hadi pwani. Achukue majani ya majini kutoka katika dimbwi tulivu lisilo na matope, ayatie katika chupa ya kioo cheupe pamoja na maji ya dimbwi hilo hilo, aiache chupa mahali penye mwanga bila kuitikisa kwa siku moja au mbili. Haidra wakiwamo, watajitokeza wakining'inia kwenye majani na kwenye kioo kama nyuzi fupi zenye matawi membamba mwishoni.

Anachokiona mwanafunzi katika chupa hiyo ndicho kilicho ndani ya kila kikombe cha tumbawe. Polipu ni mfuko. Upande mmoja umeshikamana na kitu kigumu, na upande wa pili una mdomo uliozungukwa na minyiri. Hana kichwa, hana moyo, hana damu, wala hana tundu la pili: makapi ya chakula hutokea mdomoni kule kule chakula kilikoingilia. Kwenye minyiri mna maelfu ya chembe zenye silaha ya ajabu, nazo ni vifuko vidogo mno ambavyo ndani yake umeviringwa uzi wenye sumu. Kidudu kikigusa mnyiri, uzi hufyatuka na kukichoma. Silaha hiyo hiyo ndiyo iwashayo ngozi ya mwogeleaji aliyeguswa na yavuyavu, kwa kuwa yavuyavu, haidra na tumbawe ni ndugu wa ukoo mmoja.

Tofauti kati ya haidra na tumbawe gumu ni kwamba haidra huishi uchi. Polipu wa tumbawe, akisha kujishikiza kwenye mwamba, huanza kutoa chini ya nyayo yake madini yaliyo jamii ya chokaa, yaani kalsiamu kaboneti, na kujijengea kikombe kilichogawanywa kwa kuta nyembamba. Kuta hizo huhesabika kwa sita sita, kwa hiyo mtu aliyeokota kipande cha tumbawe kilichotupwa ufukoni anaweza, akitumia kioo cha kukuzia, kuyatambua makao ya kila polipu kwa alama mfano wa nyota. Kikombe kikijaa, polipu hujiinua, hujenga sakafu mpya chini yake, na kuiacha ile ya zamani tupu. Tena hujigawa: mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne, wote wakiwa wameunganishwa kwa ngozi moja na wakigawana chakula. Tumbawe lenye ukubwa wa meza laweza kuwa na makumi ya maelfu ya polipu, na wote wakawa wametokana na mmoja. Sehemu iliyo hai ni ngozi tu, unene wa milimita chache. Yote yaliyo chini yake ni nyumba zilizohamwa.

Kazi hiyo ni ya polepole. Matumbawe ya mviringo, yale makubwa mithili ya mawe ya kichuguu, huongezeka unene wa sentimita moja hivi kwa mwaka, na kwa hiyo jabali lenye kimo cha mtu ni kazi ya karne nzima na zaidi. Yale yenye matawi hukimbilia juu sentimita 10 au hata zaidi kwa mwaka, lakini huvunjika upesi. Katika hali hii haishangazi kwamba mji wa kale wa Kilwa Kisiwani na nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma mawe hayo hayo. Wajenzi wa pwani walikuta bohari iliyokwisha kuwekwa na wajenzi waliowatangulia kwa maelfu ya miaka.

Polipu na mwani wake

Hata hivyo polipu peke yake, kwa vidudu anavyovikamata usiku, asingeweza kujenga mwamba. Ndani ya ngozi yake wamo wapangaji. Hao ni mimea midogo ya chembe moja moja, jamii ya mwani, iliyosongamana kiasi cha milioni moja au zaidi katika kila sentimita moja ya mraba. Mchana mwani huo hutumia nuru ya jua, maji na hewa ya kaboni dioksaidi kutengeneza sukari, kama lifanyavyo jani la mhogo. Sehemu kubwa ya sukari hiyo, ambayo katika matumbawe mengi hutosheleza hadi asilimia 90 ya mahitaji ya nguvu, humwendea polipu. Naye polipu humpa mpangaji wake mahali pa usalama, kaboni dioksaidi ya pumzi zake na mabaki ya chakula chake, ambayo kwa mmea ni mbolea. Tena tendo lenyewe la mwani kutumia kaboni dioksaidi hurahisisha kuganda kwa kalsiamu kaboneti, hata ujenzi wa mchana ukawa wa kasi kuliko wa usiku.

Mtu akiielewa bia hii ameelewa karibu kila kitu kuhusu mahali matumbawe yanapopatikana na mahali yasipopatikana. Matumbawe yajengayo miamba huhitaji nuru, kwa hiyo hustawi hasa katika mita 30 za juu na hudhoofika haraka kina kinapozidi mita 50. Huhitaji maji yasiyopoa chini ya nyuzi 18 za Selsiasi kwa muda mrefu. Huhitaji maji safi, kwa sababu matope huzuia nuru na kuifunika ngozi ya polipu. Tena, ajabu yake, hustawi katika maji yaliyo maskini. Bahari ya buluu iliyo angavu ni angavu kwa sababu haina virutubisho vingi vya kulisha mwani unaoelea. Polipu na mwani wake huweza kuishi humo kwa kuwa kila takataka ya mmoja ni chakula cha mwenzake, na hakuna kinachopotea. Virutubisho vikiongezeka, kwa mfano kwa maji machafu ya mjini, manufaa huwaendea majani ya baharini, nayo huyafunika matumbawe. Hapo ndipo pono na samaki wengine walao majani wanapofanya kazi ya palizi, na hapo ndipo uvuvi wa kuwamaliza samaki hao unapoudhuru mwamba hata kama hakuna aliyeligusa jiwe lenyewe.

Ramani ya Tanzania inaonyesha jambo hili waziwazi. Mbele ya mdomo wa Mto Rufiji, unaoshusha baharini maji baridi na udongo wa sehemu kubwa ya kusini mwa nchi, mna mikoko na matope, si matumbawe yaliyostawi. Lakini ng'ambo, kwenye upande wa mashariki na kusini wa Kisiwa cha Mafia ambako maji ya bahari kuu yanafika bila kuchafuliwa, imo miamba iliyo miongoni mwa ile mizuri kabisa ya Afrika Mashariki.

Bia hiyo ina udhaifu wake. Joto la maji likipanda nyuzi moja tu juu ya kiwango cha juu cha kawaida cha msimu wa joto, likadumu hivyo kwa majuma kadhaa, mwani huanza kuzalisha kemikali zinazomdhuru polipu, naye humfukuza mpangaji wake. Kwa kuwa rangi ya tumbawe ni rangi ya mwani, tumbawe hubaki jeupe kama mfupa. Bado li hai, lakini lina njaa. Joto likishuka mapema mwani hurudi. Lisiposhuka, polipu hufa. Hayo yalitokea kwa kiasi kikubwa mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto lisilo la kawaida, na katika mwaka huo inakadiriwa kwamba asilimia 16 hivi ya matumbawe ya miamba ya dunia yaliangamia. Nchini Tanzania mwamba wa Tutia, kusini mwa Mafia, uliumia vibaya. Joto jingine kubwa lilikuja mwaka 2016, na jingine tena mwaka 2024. Muda kati ya pigo moja na jingine unafupika, ilhali tumbawe la mviringo, kama ilivyoelezwa, huhitaji mwaka mzima kujenga sentimita moja.

Yaliyomzuia mjenzi asifike ziwani

Sasa swali la Musoma linaweza kujibiwa. Joto si kizuizi. Maji ya juu ya Ziwa Victoria huwa na nyuzi 24 hadi 27 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na tumbawe lingeridhika nayo. Kizuizi cha kwanza ni chumvi. Kilo moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na mwili wa polipu umezoea kiasi hicho. Akitiwa katika maji baridi, maji humwingia kupitia ngozi yake kwa nguvu ile ile ivimbishayo maharage yaliyolowekwa, na chembe zake hupasuka. Haidra anaweza kuyatoa maji hayo. Polipu wa tumbawe hana uwezo huo. Kizuizi cha pili ni upungufu wa mali ya ujenzi. Lita moja ya maji ya bahari ina zaidi ya miligramu 400 za kalsiamu. Lita moja ya maji ya Ziwa Victoria, ambalo sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja, haifikishi hata miligramu 10. Konokono wa ziwa hujitengenezea makoa yao kwa kalsiamu hiyo kidogo, lakini koa la konokono mmoja si mwamba.

Kizuizi cha tatu ni historia ya ziwa. Mashapo yaliyochimbuliwa kutoka chini ya ziwa yanaonyesha kwamba miaka 15,000 au zaidi kidogo iliyopita, hali ya hewa ilipokuwa kavu mno, ziwa hili lilikauka, na mahali penye kina sasa palikuwa na udongo na majani ya nchi kavu. Ni ziwa changa basi, halijapata kuunganishwa na bahari, nalo liko mita 1,134 juu ya usawa wake.

Katika jambo hili yafaa kukumbuka kosa moja mashuhuri. Mwaka 1883 mtafiti Mjerumani Richard Böhm aliona yavuyavu wakielea katika Ziwa Tanganyika. Yavuyavu ni mnyama wa baharini, walisema wataalamu. Ikiwa yumo ziwani, basi ziwa ni kipande cha bahari ya kale kilichobaki nyuma. Mwingereza J.E.S. Moore, aliyeongoza safari mbili kwenda huko, aliitetea dhana hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1903. Ingekuwa kweli, kutafuta mabaki ya matumbawe katika maziwa makuu kungekuwa na maana. Lakini uchunguzi uliofuata uliibomoa, na yavuyavu wa jamii hiyo hiyo wakatambuliwa pia katika Ziwa Victoria, ambalo hakuna awezaye kudai kuwa limewahi kuwa bahari. Yavuyavu hao, wasiozidi sentimita chache kwa upana na wasiomdhuru mwogeleaji, ni wa ukoo uliojifunza kuishi katika maji baridi zamani sana na kuenea kutoka ziwa hadi ziwa. Binamu wa tumbawe wamefika Musoma. Tumbawe lenyewe halikuweza.

Jabali badala ya tumbawe

Mwamba wa matumbawe hauwafai samaki kwa sababu tu umetengenezwa na wanyama. Huwafaa kwa sababu una nyufa. Miamba hiyo haifiki hata asilimia moja ya sakafu ya bahari, lakini inakadiriwa kwamba robo ya aina za viumbe vya baharini vinavyojulikana hupata humo makao kwa kipindi fulani cha maisha yao. Katika ziwa, nyufa hizo hutolewa na graniti. Mwani huota juu ya jabali palipo na jua, baadhi ya furu huukwangua kwa meno yao mafupi yaliyopangwa kwa safu, wengine huokota wadudu katika mianya, wengine hudaka vijidudu vinavyoelea karibu na jabali, na wote hukimbilia ndani adui anapotokea.

Mmoja wa furu hao ana jina linaloihusu Mara kwa namna ya pekee. Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Uholanzi, Els Witte-Maas na Frans Witte, waliokuwa wakifanya utafiti wa ziwa upande wa Mwanza, walimweleza samaki mpya wa miambani wakampa jina nyererei kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama. Dume lake lina mgongo mwekundu, mbavu za manjano na milia myeusi. Jike ni la rangi ya vumbi. Mwaka 1998 samaki huyo aliwekwa katika jenasi iliyopewa jina la Kiswahili, Pundamilia, kwa ajili ya milia hiyo. Huishi kwenye visiwa na fuko za mawe za kusini mwa ziwa, ikiwa ni pamoja na Ghuba ya Speke, ambayo mwisho wake wa mashariki ndio ufuko wa Bunda.

Jike la furu hubeba mayai yake mdomoni, na hata vifaranga hurudi humo wakiogopa. Hapa pana tofauti kubwa na tumbawe. Tumbawe hutoa mayai na mbegu majini, na vijana wake huchukuliwa na mkondo siku kadhaa kabla ya kutua. Katika miamba ya Kenya imeonekana kwamba utoaji huo haufanyiki usiku mmoja kwa wote bali hutawanyika katika miezi kadhaa. Kwa njia hiyo mwamba uliokufa waweza kupandwa upya na mwamba ulio mbali. Furu wa miambani hawana bahati hiyo. Wengi wao hawathubutu kuvuka hata eneo la mchanga lililo kati ya jabali na jabali, kwa hiyo kila kisiwa kina jamii yake, na ikipotea hapo haiji nyingine kwa wepesi.

Kupotea kwenyewe si jambo la kubuni. Sangara, aliyepandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, aliongezeka ghafla katika miaka ya 1980, na inakadiriwa kwamba aina 200 hivi za furu zilitoweka au zilikaribia kutoweka. Walioangamia zaidi ni furu wa maji ya wazi na wa sakafu ya matope. Furu wa majabali walinusurika kwa idadi kubwa zaidi, kwa sababu sangara mkubwa hawezi kuingia ufa wa upana wa vidole vitatu. Graniti ya Musoma na ya visiwa vya Ghuba ya Speke iliwakinga kama boma.

Boma hilo halizuii maji machafu. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba jike la furu humtambua dume la aina yake kwa rangi. Palipo na maji maangavu, nyererei mwekundu na jamaa yake wa rangi ya buluu huishi kwenye jabali moja bila kuchanganyika. Palipo na maji ya mawingu, nuru inayofika chini ni hafifu na ya rangi moja, jike halimtambui tena dume lake, na aina mbili huchanganyika zikawa moja iliyofifia rangi. Hakuna samaki aliyevuliwa, hakuna aliyeliwa na sangara, lakini aina imepotea. Nuru ambayo kwa tumbawe ni chakula, kwa furu ni lugha.

Maji ya ziwa kweli yameingia mawingu. Vipimo vya miaka ya 1920, mbali na ufuko, vilionyesha kwamba kisahani cheupe kilichoteremshwa majini kilionekana hadi kina cha mita 7 au 8. Katika miaka ya 1990, mahali pengi kilitoweka kabla ya kufika mita 3. Chanzo ni virutubisho vinavyolisha mwani unaoelea: maji taka, mbolea na majivu, na zaidi ya yote udongo. Mto Mara huanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, hupita Serengeti, kisha huenea katika bwawa la mafunjo lililo karibu na Daraja la Kirumi wilayani Butiama kabla ya kuingia ziwani upande wa Musoma. Mafunjo hayo hufanya kazi ya chujio. Udongo mwingi hutua humo. Mito Grumeti na Mbalageti huishia Ghuba ya Speke, na shamba linalolimwa hadi ukingoni mwa mto huko Bunda hupeleka udongo wake kwenye makao ya furu kwa njia ile ile Rufiji inavyoupeleka baharini.

Wavuvi wa pwani na wa ziwa wamekuwa na dhambi zinazofanana. Baruti, iliyopigwa marufuku kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970, iliendelea kulipuliwa pwani kwa miongo mingi. Kila mlipuko huacha duara la vipande vinavyobingirishwa na mawimbi, ambavyo tumbawe changa haliwezi kuvishikilia. Serikali iliweka hifadhi za Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini karibu na Dar es Salaam mwaka 1975, lakini kwa miaka mingi zilikuwa hifadhi za karatasini. Usimamizi wa dhati ulikuja baada ya Sheria ya Hifadhi za Bahari ya mwaka 1994, na Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka uliofuata. Ziwani, wako waliotumia sumu za kuulia wadudu wa mashambani. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu hiyo, na hasara iliwafikia wavuvi wa mialo yote pamoja na viwanda vya minofu, ambavyo Musoma nayo ilikuwa navyo.

Mwamba wa pwani uliopigwa baruti unaonekana hata na mtoto kuwa umeharibika. Jabali la ziwa lililotiwa sumu, au lililozungukwa na maji ya matope, linabaki vile vile, zuri kwa macho, na mpita njia hana namna ya kujua kwamba nyufa zake ni tupu. Kwa hiyo ziwani kipimo ni cha lazima zaidi kuliko pwani, na kwa bahati njema kilicho bora si cha gharama. Ni kile kisahani, kilichobuniwa na padri Mtaliani Angelo Secchi mwaka 1865: bati la mviringo la upana wa sentimita 20, lililopakwa rangi nyeupe, au nyeupe na nyeusi kwa robo, likafungwa uzito chini na kamba iliyopigwa fundo kila nusu mita. Huteremshwa upande wa kivuli wa mtumbwi, saa za katikati ya mchana, hadi lisionekane. Huinuliwa polepole hadi lionekane tena, na wastani wa vina hivyo viwili huandikwa pamoja na tarehe, mahali na hali ya upepo. Kwa Ghuba ya Mara inafaa kupima angalau mara mbili kwa mwaka mahali pale pale, mwezi wa Aprili mto ukiwa umejaa, na mwezi wa Agosti ukiwa umepungua.